Mashine Inayopapasa

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mashine ya kopi ya mjukuu wangu inaona. Ningeachaje kuamini? Karatasi zikiisha inasema zimeisha. Ukiweka nyingine inanyamaza na kuendelea na kazi. Mimi mwenyewe, pamoja na miwani niliyopewa, siku hizi mpaka nifunue sufuria ndipo nijue kama kuna kitu. Nikawa naiogopa kidogo. Asubuhi nikifagia duka nilikuwa naipitia kwa mbali, kama mtu anayepita mbele ya mkwe.

Mjukuu ndiye aliyenitoa ushamba. Siku moja alivuta trei, ile droo ya chini inayobeba karatasi, akaichomoa yote, akaniambia niingize mkono pale ilipotoka.

"Bibi, papasa kwa juu. Umekuta nini?"

"Kuna kitu kinacheza. Kama ukucha."

"Hilo ndilo jicho lake."

Kilikuwa kijiti cha plastiki, chembamba kuliko kidole changu cha mwisho, kinaning'inia. Akanieleza kwamba karatasi zikiwepo kinazilalia. Zikiisha kinatumbukia kwenye tundu lililo kwenye sakafu ya trei, na hapo ndipo mashine inapojua kwamba chakula kimekwisha. Hakuna zaidi.

"Kwa hiyo haioni," nikasema. "Inapapasa."

"Inapapasa tu, Bibi, kama wewe unavyotafuta sindano kwenye mkeka."

"Unanitukana, mke mwenzangu."

"Nakusifia."

Namwita mke mwenzangu kwa sababu ni mjukuu, na kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mumewe namwita mume wetu. Yeye ni fundi ujenzi, mtu wa maneno machache, na kila nikimwita hivyo mbele ya wageni anatafuta sababu ya kwenda nje.

Duka letu liko Igogo, hapa Mwanza, chumba cha mbele kinachotazama barabara, na sisi tunalala vyumba vya nyuma. Ni steshenari. Watu wanakuja kutoa kopi, kuchapa barua, kununua daftari na kalamu. Mimi nilihamia hapo macho yaliponizuia kuendelea kuuza dagaa mwaloni, kwenye soko la samaki la ziwani. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye benchi, kupokea shikamoo, na kuwaambia watu wasubiri. Wateja wote nawajua kwa majina, na mama zao kwa majina, na wengine bibi zao tuligombania beseni moja la dagaa. Hapa siandiki jina hata moja. Jina la mtu ni lake, na hakuna aliyeniruhusu kulipeleka kwenye kitabu. Shule nilitoka darasa la pili. Kusoma nilimalizia kwenye kisomo cha watu wazima, mtoto mgongoni, mwalimu akiandika ubaoni na mtoto akilia kila nilipokaribia kuelewa.

Baada ya siku ile ya kijiti, woga ulinitoka nikaanza kuilisha mashine mwenyewe. Niliilisha vibaya. Kwetu mgeni hapakuliwi ugali ukaonekana umelala kwenye sahani. Unaujenga usimame, na ukiombwa upunguze unajifanya hukusikia. Basi trei nami niliijaza mpaka ikawa ngumu kuingia, nikaisukuma kwa goti. Mashine ikavuta karatasi mara moja, ikakoroma, ikasimama na kuwasha taa.

Mjukuu alitoka nyuma na unga mikononi.

"Bibi! Umempakulia mgeni?"

"Si inafanya kazi tangu asubuhi? Nimeiwekea ya kutosha."

"Tazama hapa ubavuni. Unaona huu mstari? Hii ndiyo shibe yake. Ukipita hapa inavimbiwa."

Akanionyesha kwamba sakafu ya trei ina springi chini yake, inazinyanyua karatasi zifike juu kwenye gurudumu la mpira. Gurudumu linaivuta karatasi ya juu. Chini ya gurudumu kuna kipande kingine cha mpira kisichozunguka, chenyewe kazi yake ni kuishika ya pili isifuate. Mmoja anaita, mwingine anazuia, na karatasi zinapita moja moja. Ukijaza kupita kiasi, vyote vinabanwa, hakuna anayeita wala anayezuia. Nililitafakari jambo hilo jioni nikichambua mchicha. Nimepika miaka mingi, na ndiyo mara ya kwanza kukutana na mgeni anayeharibikiwa kwa kukirimiwa.

Sasa, mjukuu wangu alikuwa mjamzito, na tumbo lilipokuwa kubwa baba yake alikuja. Baba yake ni mwanangu wa kwanza, anaishi Kiseke, na ile mashine ndiye aliyeinunua. Si mtu mbaya. Ana tabia ya kupanga mambo ya watu akiwa njiani, akifika anakuwa ameshamaliza.

"Nimepata mtu wa kuichukua mashine," alisema hata kabla ya chai. "Mwalimu mmoja, wanaitaka shuleni kwao. Wewe ukijifungua utafunga duka, na mashine isiyofanya kazi inakufa. Bora iondoke ikiwa nzima."

Mjukuu wangu alikuwa anapanga daftari ambazo zilikwisha kupangwa.

"Baba, nikifunga sitafungua tena," alisema baadaye. "Wateja wakizoea kwingine hawarudi. Na mimi nikizoea kukaa ndani, nami sirudi."

"Utabaki na nani wa kuliendesha?"

"Na Bibi."

Mwanangu alicheka. Alicheka vizuri, bila dharau, kama mtu aliyechekeshwa na mtoto. Hicho ndicho kilichonichoma.

"Mama, wewe? Na kompyuta?"

"Kompyuta siigusi," nikasema. "Kazi za kompyuta zitamsubiri mwenyewe. Kopi naweza. Unaweka karatasi juu ya kioo, unabonyeza namba, unabonyeza cha kijani."

"Na ikikwama?"

"Wewe ukikwama si huwa unakwamuliwa?"

Wakakubaliana hivi: kulikuwa na kazi ya kanisani, karatasi za nyimbo za sikukuu ya kigango, zinatakiwa Jumamosi mchana kabla ya kwaya kuanza mazoezi. Mjukuu alikwisha kuchapa ile ya kwanza, bado kuzitoa kopi, maana kanisani walisema tusubiri hadi siku hiyohiyo, wimbo usije ukabadilishwa. Mtoto akitangulia kuja, kazi ile ni yangu. Nikiimaliza bila kumwita fundi, mashine inabaki. Nikishindwa, mwanangu atakuja siku hiyohiyo kuichukua ampelekee mwalimu. Mjukuu alinitazama siku ile kwa namna ambayo sijatazamwa tangu wanangu walipokuwa wadogo, na mimi nikajifanya natafuta miwani.

Mtoto hakuwa na haraka wiki nzima, akaja kuwa na haraka Jumamosi alfajiri. Mume wetu alitafuta usafiri, wakaondoka kwenda hospitali. Mjukuu alipofika mlangoni aligeuka akasema, "Bibi, usivuke mstari." Nikamwambia aende zake akazae.

Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa mfululizo. Igogo tuko karibu na maji, na ikinyesha hivyo upepo wa ziwani unaingia mpaka kwenye chumvi. Karatasi zilikuwa kwenye rimu iliyofunguliwa, imeegemezwa ukutani, ukuta wenyewe unatoa jasho. Mimi sikulifikiria hilo. Nilizipanga kwenye trei, chini ya mstari kabisa, kwa heshima zote. Nikaweka ya nyimbo juu ya kioo. Nikabonyeza.

Zilitoka tatu kwa pamoja zimeshikana, ya juu ina nyimbo, mbili zimenyamaza. Nikarudia. Zikatoka mbili. Nikarudia, ikakoroma na kusimama.

Nikazitoa nikazipapasa. Laini, baridi, kama majani ya mgomba. Nikasema moyoni, kumbe ni maji! Nilifurahi sana. Maisha yangu yote kitu kikiingia maji dawa yake ni jua: dagaa, michembe ya viazi, mihogo, kuni, godoro la mtoto. Na jua lilikuwa limetoka, kali kama linavyotoka baada ya mvua. Nikatandika mkeka mbele ya duka, nikazianika karatasi moja moja, kila moja na kijiwe chake juu isiondoke na upepo. Mawe Mwanza hayatafutwi.

Mama mshonaji, ambaye cherehani yake iko upande wa pili wa barabara, alisimamisha mguu akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu! Leo unaanika michembe ya wasomi?"

"Njoo uonje."

"Ngoja ikauke. Mbichi itaniumiza tumbo."

Wapita njia wakawa wanazunguka mkeka wangu kwa adabu, kama kuna msiba. Zilikauka upesi. Nilipozikusanya nikaona kitu ambacho kila aliyeanika michembe anakijua, ila sikutegemea kukiona kwenye karatasi. Zilikuwa zimejikunja. Upande uliopata jua umevuta, upande wa mkekani umebaki, na kila karatasi imekuwa mtumbwi.

Nilizikandamiza kwa kiganja, nikazitia kwenye trei hivyohivyo. Nilikuwa na haraka. Mashine ikavuta moja, pembe yake ikajigonga huko ndani, ukasikika mlio wa kitu kinachokunjwa. Taa. Nikafungua mlango wa nyuma kama nilivyofundishwa, nikaikamata ile karatasi nikaivuta. Ikatoka. Nikafunga. Taa ileile, ujumbe uleule, kwamba kuna karatasi imekwama. Nikafungua tena, nikachungulia. Hakuna kitu. Nikafunga. Imekwama, inasema. Nikaanza kuongea nayo kwa Kisukuma, maneno ambayo siyaandiki pia.

Hapo ndipo alipoingia katibu wa akina mama wa kanisani, mwenye kazi yake, amejifunga kitambaa kichwani tayari kwa mazoezi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Akaitazama mashine, akautazama mkeka, akanitazama mimi.

"Bibi, tuseme ukweli. Niende mjini? Nikiondoka sasa hivi nitawahi."

"Umekunywa chai?"

"Bibi, kwaya inakusanyika."

"Kwaya gani ya kwetu iliyowahi kukusanyika kwa wakati? Kaa. Chai ikiisha na mashine haijakubali, nenda mjini na baraka zangu."

Akakaa, maana alikuwa binti wa rafiki yangu na hakuweza kunikatalia. Nikammiminia chai kikombe kikubwa, nikampa na kiazi. Halafu nikapiga simu. Moyoni nilimwona mwanangu akicheka tena na kuikumbatia mashine kuipeleka nje, nikamwona mjukuu akirudi na mtoto kwenye chumba kitupu.

Mume wetu akapokea.

"Mume wetu, mke mwenzangu anaendeleaje?"

"Bado, Bibi. Wanasema anaendelea vizuri. Tuko nje, wamemwambia atembeetembee."

"Basi sina shida. Nilitaka kujua hilo tu."

Nikasikia nyuma yake sauti ikisema, lete hiyo simu. Kisha mjukuu mwenyewe, anahema.

"Bibi, imekwama?"

"Haijakwama. Nimetoa karatasi, lakini yenyewe inasema bado."

"Uliyoitoa ni nzima?"

Nikaiokota chini nikaitazama. Pembe moja haikuwepo.

"Imechanika."

"Basi kipande kipo ndani. Kuna kijiti kingine, Bibi, siyo kile cha kwenye trei. Kiko mbele zaidi, karatasi inapopita inakilaza, ikishapita kinasimama. Hicho kipande kimekilalia. Mashine inadhani karatasi bado inapita." Nikamsikia akipumua kwa meno. Nikangoja. "Zima kwanza. Chomoa trei. Usichungulie, hutaona kitu. Papasa."

"Nimesikia. Wewe shughulika na yako."

"Na hizo karatasi ulizozianika—"

"Nani amekwambia nimeanika?"

"Bibi, mimi nimekuzoea. Weka pembeni. Chini ya kitanda changu kuna rimu haijafunguliwa, iko ndani ya mfuko. Fungua hiyo. Ipepete kabla ya... aah! Bibi, baadaye."

Simu ikakatika. Katibu alikuwa ameacha kutafuna.

"Huyo yuko leba?"

"Anatembeatembea," nikasema.

Nikazima mashine, nikachomoa trei, nikapiga magoti. Nikafumba macho, maana yalikuwa yananichelewesha. Mkono ukaingia. Nikalikuta gurudumu la mpira, nikaliacha. Nikakikuta kile kijiti ninachokijua, kinaning'inia bure. Nikapeleka kidole mbele, polepole, kama unavyotafuta mwiba kwenye nyama ya samaki kabla ya kumpa mtoto. Pakawa na kijiti cha pili, kimelala. Hakikucheza. Juu yake pameganda kitu chembamba, ncha yake imechongoka. Nikakibana kwa kucha, nikakivuta kufuata njia ya karatasi, siyo kinyume. Kikatoka. Pembe ya karatasi, ndogo kama gamba la sato. Nyuma yake nikasikia kijiti kikisimama, tik.

"Umeshakunywa chai?" nikauliza.

"Imebaki nusu, Bibi," katibu akasema, na kikombe nilikiona kitupu.

Rimu ya chini ya kitanda ilikuwa kavu, inagonga mezani kama ubao. Kuipepeta nilielewa bila kuonyeshwa: unazishika karatasi kwa upande mmoja, unaziachia kwa mwingine zipite hewa, ziachane. Ni ungo huohuo. Nikazigonga mezani zikalingana. Nikaweka chini ya mstari. Pembeni kuna viegemeo viwili vya kuzishika karatasi, hivyo nikavisogeza kama unavyomfunga mtoto mgongoni, asilegee na asibanwe. Trei ikaingia bila goti. Nikawasha. Ikapapasa ndani, ikanguruma kidogo, taa ikawa ya kijani.

Ikatoka moja. Peke yake, ya moto, imenyooka. Tukaitazama wote wawili. Ikatoka nyingine. Katibu akaanza kuimba ule wimbo wa kwanza kwenye karatasi, taratibu, akizipokea zinavyotoka. Mama mshonaji akavuka barabara kuja kuona kilichotushika.

Tulikuwa katikati ya kazi mwanangu alipofika na bajaji. Alikuja na kamba na blanketi la kufungia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ingia, unaniziba mwanga."

Akasimama palepale. Alisikiliza ile sauti, kuita na kuzuia, kuita na kuzuia, akatazama rundo mkononi mwa katibu.

"Fundi gani amekuja?"

"Hakuja fundi," katibu akasema. "Binti yako ameelekeza kwa simu, Bibi ameingiza mkono."

"Binti yangu? Si mnasema yuko hospitali?"

"Ndiko alikoelekezea."

Mwanangu aliweka blanketi kwenye benchi. Hakucheka. Akaenda kwenye mashine akasimama mbele yake, mikono nyuma, mpaka trei ilipoisha na kijiti kikatumbukia kwenye tundu lake. Ikaomba nyingine. Nilikuwa nimekwisha kuzipepeta. Nikavuta trei, nikaweka, nikasukuma, ikaendelea. Akanitazama usoni kisha akatazama mikono yangu, kama mtu anayelinganisha.

Kazi ilipokamilika katibu alitaka kukimbia kwa miguu na mzigo kifuani. Mwanangu akamwambia apande bajaji, imekwisha kulipwa mpaka Kiseke, kanisani ni karibu zaidi. Akamsaidia kuzifunika karatasi kwa lile blanketi, maana wingu lilikuwa linarudi.

Tukabaki wawili. Akatoa simu, akapiga.

"Mwalimu, habari za saa hizi. Ndiyo, kuhusu ile mashine. Hapana, samahani sana, haitauzwa." Akasikiliza. "Siyo bei, mwalimu. Ina mtu."

Hakuwa ameiweka mfukoni ilipolia mkononi mwake. Alikuwa mume wetu, na siku hiyo alisema maneno mengi kuliko yote niliyopata kumsikia: msichana, mzima, mama mzima, analia sana, ana nywele, njooni. Mwanangu aliketi kwenye benchi langu akajifuta uso kwa ukosi wa shati. Mimi nilipiga vigelegele peke yangu mlangoni, na mama mshonaji akanijibu kutoka upande wake, na mwingine ambaye sikumwona akajibu kutoka nyuma ya nyumba.

"Twende, Mama," mwanangu akasema. "Funga tuondoke."

"Tangulia wewe. Mwambie mke mwenzangu kipande kilikuwa palepale aliposema. Mimi nitakuja jioni nikishafunga kwa saa yake."

"Mama, mtoto amezaliwa!"

"Nimesikia. Na duka lake liko wazi."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akaondoka kwa miguu akitafuta bodaboda, mara akimbie, mara akumbuke umri wake. Mlangoni walikuwa wamesimama baba mmoja na binti yake, wamejikinga matone ya kwanza, wameshika cheti ndani ya mfuko wa nailoni. Wanataka kopi, wakasema, ila wanasubiri mwenyewe aje.

"Pitieni ndani," nikasema. "Mmeshafika."